Vyuma Vyeusi kwenye Gitaa Jekundu

Ukifika Katesh ukamuulizia Gaudensia, watu watakuuliza kwanza, "Gaudensia yupi, wa jikoni au wa gitaa?" Halafu watacheka, kwa sababu ni huyo huyo mmoja. Siku za wiki ni mpishi wa shule ya sekondari. Anasonga ugali wa wanafunzi kwa mwiko mrefu kama mpini wa jembe, mikono imejaa misuli kama ya mpasua mbao, na akigombana na kuni mbichi utamsikia mpaka barabara ya Singida. Jumapili anavaa sare ya kwaya, anapitisha mkanda begani, na mikono ile ile inakuwa laini. Anapiga gitaa la solo, na wazee wa viti vya nyuma wanaacha kusinzia.

Hakufundishwa na mtu. Alizaliwa Tlawi, kule juu Mbulu, kwenye baridi na mashamba ya maharage yaliyopanda mteremko. Kaka yake Hermani alijitengenezea gitaa la kopo la mafuta ya kula na nyuzi za breki za baiskeli, akalipiga msimu mmoja, akaliacha. Gaudensia akaliokota. Alipoolewa na kushuka Katesh aliingia kwaya ya parokia kama mwimbaji tu, sauti ya pili, na habari za kopo hakumwambia mtu. Mpaka mwaka ule mpiga gitaa wao, mwalimu mwenyeji wa Kigoma, alipopata uhamisho Kwaresima ikiwa katikati. Mwalimu wa kwaya, mzee Eliakimu, akabaki ameshika gitaa mikononi kama mtu aliyeachiwa mtoto asiye wake.

"Naweza kujaribu?" Gaudensia aliuliza.

Wanaume wa besi walicheka. Mzee Eliakimu hakucheka. Pasaka ilikuwa inakuja na hakuwa na muda huo. Akampa. Gaudensia alitafuta sauti, akakosea, akatafuta tena, kisha akaipata njia ya wimbo wa sadaka na kuifuata mpaka mwisho. Wale wa besi wakanyamaza. Kutoka safu ya mbele ya akina mama kikapigwa kigelegele kirefu, ndani ya chumba cha mazoezi ambamo mzee Eliakimu alikuwa amepiga marufuku vigelegele. Alikuwa Evelyne.

Evelyne aliuza mitumba sokoni, nguo za watoto hasa, na aliimba sauti ya kwanza. Alikuwa mfupi, mwepesi wa miguu, na mdomo wake haukujua kupumzika. Tangu siku ya kigelegele kile yeye na Gaudensia hawakuachana. Evelyne ndiye aliyesafiri naye mpaka Arusha, Gaudensia alipouza alizeti yake na kwenda kununua gitaa lake mwenyewe kwa mwanamuziki aliyekuwa anaacha bendi. Lilikuwa jekundu kama pilipili iliyoiva, na vyuma vyake vyote vilikuwa rangi ya dhahabu: funguo za kukazia nyuzi kule kichwani, daraja linalobeba nyuzi chini, vifundo vya sauti, hata vishikizo vya mkanda.

"Gau," Evelyne alisema, akilizunguka sebuleni kwa yule mwanamuziki, "umenunua gitaa au bibi harusi? Hili lina hereni, lina bangili, lina cheni."

Dhahabu ile ilikuwa ngozi nyembamba tu juu ya chuma, na Gaudensia ana mikono inayotoka jasho. Haukupita mwaka, pale kiganja chake kinapolala juu ya daraja dhahabu ilianza kufifia na kuacha baka la kijivu. Evelyne akajipa kazi. Kila Jumamosi kabla ya mazoezi alichukua kifulana cha mtoto kutoka kwenye bunda lake la mitumba, akavifuta vyuma kimoja kimoja huku akigomba.

"Jasho lako lina chumvi kuliko maharage unayowapikia wanafunzi. Baba Judith, huyu mke wako umemwoa au umemchimba kwenye chumvi ya ziwa Balangida?"

Baba Judith ni Renatus, mume wa Gaudensia, Mbarbaig wa Basotu, fundi wa pikipiki mwenye kibanda kando ya barabara kuu. Ni mtu wa maneno machache. Alikuwa anatabasamu tu na kusema dhahabu ya namna ile haidumu, na kwamba alishasema hivyo tangu mwanzo. Hakuwa amesema.

Halafu ikaja Desemba ile ya tope.

Jumamosi mazoezi yalichelewa kwisha na mvua ilikuwa imeshaanza, kwa hiyo Gaudensia aliliacha gitaa kwa Evelyne, ambaye nyumba yake ilikuwa karibu na kanisa. Walikubaliana wakutane asubuhi, Misa ya kwanza. Alfajiri Evelyne alitoka kwenda stendi kupokea bunda la nguo. Mama yake mzazi, aliyekuwa anaishi naye, alibaki ndani akiwasha moto wa chai. Tope liliposhuka kutoka mlimani likiwa na mawe na miti yake, Evelyne alikuwa upande wa pili wa mji. Gaudensia na Renatus walikuwa kwao, juu kidogo, na liliwapita pembeni.

Watu wa Katesh hawapendi kuisimulia siku hiyo kwa kirefu, na Gaudensia naye haisimulii. Anasema jambo moja tu. Walipokuwa wanachimba pale palipokuwa na nyumba ya Evelyne, kitu cha kwanza kuonekana kilikuwa chekundu. Evelyne alipiga kelele akakimbilia pale, akidhani ni kanga ya mama yake. Lilikuwa gitaa. Mama alipatikana baadaye, na akazikwa kwao Endagikot, kule juu Mbulu. Evelyne aliondoka na gari lililobeba jeneza, na baada ya mazishi hakurudi. Alibaki kwa mama yake mdogo, Rogathe, akilima naye vitunguu swaumu. Simu alipokea mara moja moja. "Nipo," alikuwa anasema. "Tunamshukuru Mungu." Na Gaudensia, aliyezoea kutafuta upenyo wa kuingiza neno Evelyne anapoongea, akawa hajui la kusema kwenye kimya kile.

Gitaa lililetwa nyumbani ndani ya gunia. Gaudensia hakutaka kulifungua. Renatus ndiye aliyelifungua, akaliosha taratibu kwa kitambaa, akalikausha kivulini kwa muda mrefu, akatoa sumaku za sauti na nyaya na kuzianika juu ya kabati kama mboga. Mbao zilikuwa nzima. Rangi ilipasuka kidogo pembeni. Lakini vyuma vilikuwa vimekwisha. Daraja lilikuwa limeota kutu kama ukurutu, skrubu zilikuwa zimepoteza vichwa, na funguo za nyuzi zilipozungushwa zilisaga mchanga kama jiwe la kusagia. Dhahabu ilibanduka kwa ukucha.

Gaudensia akarudia gitaa kuukuu la kwaya, akapiga Jumapili baada ya Jumapili bila kukosea na bila raha.

Ilipofika miezi ya mavuno, jioni moja wakiwa wanapukuchua mahindi uani, Renatus alilileta lile jekundu akaliweka juu ya magunia mbele ya mkewe.

"Mbao inadai vyuma," alisema. "Hivi vya zamani kwenye kazi haviwezi kurudi. Nimeongea na yule muuzaji wa vyombo Arusha, ametuma picha. Chagua."

Kwenye simu kulikuwa na seti nne zimepangwa juu ya kitambaa cheupe. Renatus akamweleza kwa namna anayoijua yeye, kwa pikipiki. Kromu ni ile ya bomba la moshi: ngumu, nyeupe yenye ubluu ndani yake, inaumiza macho juani, lakini jasho inalistahimili. Nikeli inafanana nayo ukiwa mbali, ila ukisogea utaona ina umanjano kidogo, na inafifia kwa mkono wa mwenye nayo, inakuwa kama sarafu iliyokaa mfukoni. Dhahabu unaijua. Nyeusi ni rangi iliyochomewa juu ya chuma. Inapendeza ikiwa mpya, ikichubuka inaonyesha.

"Wewe ungechukua ipi?" Gaudensia aliuliza.

"Kromu."

"Mimi nilikuwa napenda dhahabu."

"Basi chukua dhahabu."

Gaudensia alizitazama zile picha, akairudisha ya kwanza, akaisogeza ya pili. Dhahabu alipoitazama aliona kifulana cha mtoto kikipita juu yake. Kromu ilikuwa baridi. Akamrudishia mumewe simu.

"Siwezi kuchagua peke yangu."

"Si mimi nipo?"

"Wewe si mtu wa vyuma hivi, Baba Judith. Samahani. Wewe ni mtu wa kuvifunga."

Renatus hakukasirika. Alipukuchua hindi moja mpaka likaisha, kisha akasema, "Gari la Babati linapita hapa asubuhi."

Gaudensia alishuka Dareda, akapata gari jingine la kupanda mlima kupitia Dongobesh mpaka Mbulu, akamalizia Endagikot kwa miguu. Baridi ilimpokea kama ndugu. Alikuwa amesahau kubeba sweta. Rogathe, mama mdogo wa Evelyne, alikuwa amekaa mlangoni anachambua maharage kwenye ungo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Za huko Katesh? Watoto hawajambo? Umekuja bila nguo ya baridi, wewe mtoto wa Tlawi?" Akamtazama vizuri, akashusha sauti. "Yuko shambani. Anafanya kazi kama trekta, lakini hasemi. Nenda kamwone."

Evelyne alikuwa katikati ya matuta ya vitunguu swaumu, amejifunga shuka zito mabegani. Alikuwa amekonda. Walikumbatiana kwa muda, na Gaudensia alisikia mifupa ya mabega yake chini ya shuka.

"Umekuja na lile gitaa?" Evelyne aliuliza kabla hawajaachiana.

"Hapana. Nimekuja na simu."

Akamwonyesha zile picha. Alieleza haraka haraka, akichanganya mambo ya Renatus: kromu ya bomba la moshi, nikeli ya mfukoni, nyeusi inayochubuka. Evelyne alisikiliza huku anatazama udongo.

"Kwa nini unaniuliza mimi?"

"Kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa unavifuta. Mimi kazi yangu ni kuvichafua."

Evelyne aliitupia simu jicho moja tu. "Nyeusi," alisema.

"Vyote?"

"Vyote. Mpaka skrubu."

Akaokota jembe. Gaudensia alikaa mpaka chai, akala viazi vya Rogathe, akasaidia kubeba maji, na Evelyne alimjibu kwa upole kila alichoulizwa, si zaidi ya hapo. Kwenye gari la kurudi Gaudensia alikaa dirishani ameweka mikono kwapani kwa baridi, akijiambia kwamba walau kajibiwa.

"Nyeusi?" Renatus alisema. "Kwenye gitaa jekundu? Na jasho lako?"

"Kasema nyeusi."

"Mama Judith, itachubuka."

"Ichubuke. Kasema nyeusi, mpaka skrubu."

Kifurushi kilikuja na basi la Arusha, na Jumamosi moja wakaondoa vyombo mezani na kutandika blanketi kuukuu. Ilikuwa kazi ya kutwa. Skrubu za zamani ziligoma, Renatus akazitia mafuta ya kulainisha nati, akangoja, akazigongagonga kwa upole, nyingine akazing'oa kwa koleo. Matundu ya daraja jipya hayakukubaliana na ya zamani. Yalipishana kwa unene wa ukucha, na huo unatosha kuharibu kila kitu. Gaudensia alichonga vijiti vya mti mgumu, akavichovya kwenye gundi na kuvigongomelea kwenye matundu ya zamani. Vilipokauka Renatus akatoboa upya, ameshika pumzi, huku mkewe akimshikia tochi ya simu. Chini ya daraja kulikuwa na waya mwembamba unaotoka ndani ya mbao; Renatus akaulaza vizuri kama ulivyokuwa, akafunga juu yake. Kisha zikaja funguo nyeusi kule kichwani, vifundo vyeusi, vishikizo vyeusi.

Walipomaliza walilisimamisha kwenye kiti, wakarudi nyuma kulitazama.

"Limekuwa kali," Renatus alisema.

Gaudensia alikunja uso. Lilikuwa zuri, hilo asingekataa. Lilikuwa zuri kama nguo ya mtu mwingine.

"Jumatatu shule inafungwa," alisema. "Twende nalo Endagikot."

"Hatujalijaribu kwenye amplifaya."

"Tutalijaribu huko huko. Kigango chao kinayo."

Safari hii walikwenda na pikipiki ya Renatus. Gaudensia alivaa masweta mawili na kulifunga gitaa mgongoni ndani ya shuka kama mtoto, na kila walipopita kwenye kijiji akina mama walimpungia mkono wakidhani amebeba kichanga kikubwa ajabu. Walifika mchana. Katekista wa kigango, mzee mkarimu, aliwafungulia kanisa na kuwaonyesha amplifaya ndogo iliyofunikwa kitambaa cha altare kilichochakaa.

Evelyne hakutaka kuja. Ni Rogathe aliyemleta. Gaudensia aliwasikia kabla hawajaingia mlangoni.

"Mgeni kapanda mlima mara mbili kwa ajili yako, na wewe unajificha kwenye vitunguu? Mimi mwenyewe nataka kuliona hilo gitaa. Haya, tangulia."

Evelyne aliingia na kusimama karibu na mlango, mgongo ukutani. Gaudensia hakumwita. Alichomeka waya, Renatus akafungua sauti.

Kanisa likajaa mngurumo. Haukuwa mlio wa nyuzi. Ulikuwa kama mzinga wa nyuki uliopigwa teke. Rogathe alishika masikio. Gaudensia akaweka kiganja juu ya daraja, kama alivyozoea, kwa sababu kwa kawaida mkono ukigusa chuma mlio wa namna ile hutulia. Haukutulia. Akakigusa kichuma cha kuchomekea waya, mngurumo ukashuka. Akakiachia, ukapanda.

"Zima, zima!" alisema. "Baba Judith, umefunga nini humu?"

Renatus alizima. Alikaa chini na gitaa mapajani, akaligeuza, akanusa kama anavyonusa injini. Kisha akajipiga paji la uso.

"Ule waya wa chini ya daraja. Unatakiwa uguse chuma. Mimi nimeulaza juu ya rangi. Hii nyeusi imezunguka kote, hata tumboni. Waya hauoni chuma."

Akatoa bisibisi na kuanza kulegeza nyuzi. Gaudensia akachuchumaa kumsaidia. Hapo ndipo ilipotoka sauti pale mlangoni.

"Gau."

"Naam."

"Kwani wewe ulifikiri kweli nataka nyeusi?"

Gaudensia aliinua kichwa. "Ulisema nyeusi. Ulisema mpaka skrubu."

"Nilisema hivyo ili uondoke."

Renatus alibaki bisibisi mkononi, akimtazama Evelyne kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumba aliyojenga iko kwenye kiwanja cha mtu mwingine. Alifikiria vile vijiti, gundi, matundu, Jumamosi nzima.

"Kumbe!" alisema.

Hiyo "kumbe" iliyomponyoka mtu asiye na maneno ndiyo iliyoharibu mambo. Gaudensia alianza kucheka chini chini, akijaribu kujizuia kwa kuwa ni kanisani, akashindwa. Alikaa sakafuni akicheka mpaka masweta yakapanda. Na Evelyne, pale ukutani, aliziba mdomo kwa shuka, mabega yakatikisika, na sauti ikatoka, ile ile ya sokoni. Alicheka na kucheka, akateleza taratibu mpaka akakaa chini naye, na mahali fulani katikati kicheko kikageuka kuwa kilio. Gaudensia alimwendea kwa magoti, akamshika. Rogathe alitoka nje, akavuta mlango, akamweleza katekista kwamba mambo ni mazuri, asiingie.

Walikaa hivyo. Renatus aliendelea na kazi yake kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Alifungua daraja, akaligeuza, akakwangua rangi nyeusi tumboni mwake kwa msasa mpaka chuma kikaonekana, kidogo tu, mahali pa waya kulala.

"Nilidhani ni kanga," Evelyne alisema hatimaye.

"Najua."

"Nililichukia. Nilisema, kwa nini hiki kimetoka."

"Hata mimi nilisema hivyo."

Evelyne alimgeukia. "Wewe? Gitaa lako?"

"Miezi yote hiyo sikulifungua gunia. Muulize huyu."

Renatus aliitikia kwa kichwa bila kuinua macho.

Evelyne alifuta uso kwa shuka, akasimama, akaenda mpaka alipokaa Renatus, akalitazama gitaa kwa muda mrefu. Kisha akanyoosha mikono, naye Renatus akampa. Aliketi, akaliweka mapajani kama anavyoweka vazi analotaka kulitia bei. Akaligeuza mgongo, akapitisha kidole pale rangi ilipopasuka.

"Limekuwa kama katibu kata," alisema. "Limevaa suti. Vile vyuma vya zamani mlivitupa?"

Renatus hajawahi kutupa kitu maishani mwake. Alivuta mfuko wake wa vifaa, akatoa kopo la kahawa, akalifungua. Ndani, kwenye kitambaa chenye mafuta, zilikuwemo zile funguo za kukazia nyuzi. Daraja la zamani lilikuwa halifai, lakini funguo alikuwa amezifumua, akaziosha kwa mafuta ya taa, akatoa mchanga punje kwa punje, akazitia grisi. Hata Gaudensia hakujua. Dhahabu ilikuwa imebaki kwa mabaka. Kwingine kulionekana shaba. Evelyne alizungusha moja. Ilizunguka bila kusaga.

"Mbona ulisema haviwezi kurudi?" Gaudensia alimuuliza mumewe.

"Kwenye kazi nilisema. Kukaa kwenye kopo vinaweza." Akafikiri kidogo. "Lakini hizi naona hata kazi zinaweza."

"Basi sikilizeni," Evelyne alisema, na sasa alikuwa ameketi sawasawa. "Kule juu rudisheni hizi. Mkono wa Gau haufiki kule kutoa jasho, zitakaa. Hapa chini kwenye daraja acheni peusi. Hapa ndipo anapomwaga chumvi yake yote; pakichubuka pachubuke. Vifundo navyo viacheni. Vishikizo vya mkanda sitaki kuviona vyeusi, vinafanana na mende, lakini hivyo mtatafuta."

"Rangi mbili?" Gaudensia alisema. "Vyuma vya gitaa huwa vinafanana vyote. Watu watasema tumeokoteza."

"Waseme. Si tumeokoteza?"

Renatus akafungua funguo nyeusi na kufunga za zamani, pale pale sakafuni. Evelyne alikaa karibu naye, amekinga skrubu kwenye kiganja, akimpa moja moja. Mwanga wa mchana uliingia kwa madirisha ya upande wa bondeni. Walipomaliza wakachomeka tena. Mngurumo ulikuwepo kidogo, na Gaudensia alipolaza kiganja kwenye nyuzi pale darajani ukatoweka kabisa.

Alipiga wimbo wa sadaka, ule wa kwanza. Evelyne hakuimba. Alisikiliza amefumba macho, na wimbo ulipokwisha akasema ana njaa. Rogathe anasema hilo neno lilikuwa halijasikika nyumbani kwake tangu msiba.

Haikuwa kwamba siku hiyo aliamka akawa mzima. Wakati wa kupanda Gaudensia alikwenda tena, na mara nyingine Evelyne hakuwa na maneno, wakakata majani ya ng'ombe pamoja wakinyamaza. Lakini mwaka uliofuata alishuka Katesh, akapanga chumba mbali na mlima, akarudi sokoni na bunda moja la nguo za watoto. Kwaya alianza kuja kama msikilizaji, akikaa kwenye benchi la mlangoni. Mzee Eliakimu, ambaye hajui kubembeleza, alimpa nakala ya nyimbo na kumwambia kwamba kama amekaa bure basi awahesabie wenzake vitabu. Wiki iliyofuata alikuwa safu ya mbele.

Rangi nyeusi ya daraja ilichubuka kabla ya Pasaka, kama Renatus alivyosema, na safari hii ni kweli alikuwa amesema. Kwenye mkutano wa kwaya uliofanyika Mbulu, mpiga gitaa mmoja wa mjini, kijana mtanashati mwenye gitaa la kromu tupu, alilitazama la Gaudensia na kuuliza kwa heshima kama vyuma vile vya rangi mbili ni mtindo mpya.

"Ni maagizo ya mwimbaji wangu," Gaudensia alisema. "Muulize yeye."

Kijana alimuuliza Evelyne, na akajuta, kwa sababu alielezwa mpaka kengele ya kuingia ikapigwa.

Jioni ya mazoezi alipoimba peke yake tena kwa mara ya kwanza, ubeti wa pili wote, sauti yake haikuwa ile ya zamani. Ilikuwa imeshuka, na katikati palikuwa na mkwaruzo. Gaudensia aliusikia, akaogopa kwamba itakatika, na bila kujua akaanza kuharakisha ili ubeti uishe mapema. Evelyne aliinua mkono, kwaya nzima ikasimama.

"Gau," alisema mbele ya watu wote, "nani anakukimbiza? Acha nipumue hapa."

Wanaume wa besi walicheka. Gaudensia alijifuta viganja kwenye sare, akaanza tena, polepole.